Kiingereza cha Exetat: Sarufi, Msamiati na Ufahamu kwa Mwanafunzi wa Walikale

Kwa mwanafunzi wa Walikale, mashariki mwa Kongo, anayejiandaa kwa Exetat, Kiingereza ni lugha ya nne. Nyumbani amelelewa kwa Kinyanga, Kikumu au Kikano. Angezaliwa upande wa Masisi ingekuwa Kihunde au Kinyarwanda. Sokoni na kanisani amezoea Kiswahili. Darasani amefundishwa kwa Kifaransa, ambacho ndicho lugha rasmi ya Kongo. Kiingereza kimemfikia mwisho, kwa saa chache za wiki, mara nyingi kwa mwalimu ambaye naye alikijua kwa kunakili ubaoni. Watu huitazama hali hiyo kama mzigo mtupu, na hapo hukosea. Mtu mwenye lugha tatu kichwani ana mahali pa kuegemea ambapo mtoto wa lugha moja hana. Tatizo ni kwamba lugha hizo hazisaidii mahali pamoja wala hazipotoshi mahali pamoja. Kuna swali ambalo Kiswahili hulijibu sawasawa na Kifaransa hulikosesha. Kuna jingine ambalo mambo ni kinyume. Na yapo yale ambayo zote mbili humwongoza mtahiniwa shimoni. Mazoezi yenye faida ni yale yanayomfundisha kujua amsikilize nani, na wapi.

Kwanza mtihani wenyewe. Exetat, mtihani wa taifa unaofunga masomo ya sekondari nchini Kongo, ulianza mwaka 1967. Sehemu yake ya mwanzo, yenye insha ya Kifaransa, hufanywa wiki kadhaa kabla. Kisha huja siku nne za kikao chenyewe: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya mchepuo wa kila mtu, awe wa pedagogia, wa biokemia, wa biashara au mwingine. Kiingereza hukutana na Kifaransa katika siku ya lugha. Maswali ya kikao ni ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyopendekezwa, na wanafunzi huyaita “items”. Wale wanaoketi jirani hupewa mfululizo tofauti ili wasichunguliane. Usahihishaji hufanywa Kinshasa kwa kompyuta, na matokeo hutumwa hata kwa ujumbe wa simu. Anayefikisha asilimia 50 ya jumla hupata Diploma ya Taifa.

Umbo hilo la mtihani lina matokeo ambayo walimu wengi hawayatilii maanani. Exetat haimtaki mtahiniwa aseme Kiingereza, wala aandike barua. Inamtaka atambue: kati ya sentensi kadhaa, ipi imesimama sawa; kati ya maneno kadhaa, lipi linakaa kwenye nafasi; kati ya maelezo kadhaa, lipi linatoka kweli kwenye matini. Kijana anayepiga gumzo na wafanyakazi wa mashirika ya misaada anaweza kuanguka, kwa kuwa mazungumzo husamehe makosa ambayo karatasi haisamehi. Msichana mwenye haya asiyeweza kuongea dakika mbili anaweza kufaulu vizuri. Hali hiyo haifurahishi kwa mtu anayependa lugha, lakini ndivyo mtihani ulivyo, na mwenye kujiandaa lazima ajiandae kwa kazi ileile atakayopewa.

SARUFI

Mahali pa kuanzia ni pale ambapo Kiswahili na Kifaransa vinakubaliana, kwa sababu hapo mwanafunzi hana wa kumwonya. Kiswahili kinasema “nina miaka kumi na minane”. Kifaransa nacho hutumia kitenzi cha kuwa na kitu. Basi mwanafunzi huandika “I have eighteen years” kwa moyo mweupe, ingawa Kiingereza husema “I am eighteen”. Ndivyo ilivyo kwa njaa, kiu na baridi: lugha zake mbili hutumia “kuwa na”, Kiingereza hutumia “kuwa”. Vivumishi navyo ni hivyohivyo. Katika “watoto wadogo” kivumishi huchukua wingi wa nomino, na Kifaransa pia hukiongezea alama ya wingi. Kiingereza hakigusi kivumishi kabisa, na tena hukitanguliza: “small children”, kamwe “smalls children”. Katika orodha ya majibu, lile lenye kivumishi chenye “s” hufaa kufutwa papo hapo, bila hata kusoma mengine.

Mtego wa pili ni wa umiliki. Kiswahili hakijali jinsia: “mama yake” ni mama wa mvulana au wa msichana. Kifaransa kinajali, lakini kinatazama kitu kinachomilikiwa. Kwa kuwa mama ni wa kike, neno la umiliki huwa la kike hata mwenye mama akiwa mvulana. Kiingereza hutazama mwenye kitu. Mvulana na mama yake ni “his mother”. Msichana na baba yake ni “her father”. Mtahiniwa aliyeandaliwa kwa Kifaransa peke yake hugeuza yote mawili. Dawa yake ni swali fupi la Kiswahili ambalo halimpotoshi mtu: ya nani? Jibu likiwa mwanamume, ni “his”, hata kama anachomiliki ni mabinti saba.

Kwenye wakati uliopita, Kiswahili ni kiongozi bora kuliko Kifaransa, na inashangaza kwamba walimu hukitumia kwa nadra. Daraja lililoanguka likiwa bado liko mtoni, mtu wa Walikale husema “daraja limevunjika”. Akieleza habari ya juzi, husema “daraja lilivunjika juzi”. Tofauti hiyo kati ya -me- na -li- inakaribiana sana na ile ya Kiingereza: “the bridge has collapsed” na “the bridge collapsed two days ago”. Kifaransa cha kila siku hutumia umbo moja kwa yote mawili, na umbo hilo lina kitenzi kisaidizi, hivyo mwanafunzi huandika “I have seen him yesterday”, kosa ambalo watunga mitihani wanalipenda kupita mengine. Afadhali aitafsiri sentensi kwa Kiswahili sanifu kwanza. Akipata -li- pamoja na jana, juzi, mwaka jana au mwaka wenyewe, kitenzi cha Kiingereza kisimame peke yake. Akipata -me- bila tarehe, “have” au “has” ina nafasi. Kiswahili cha barabarani, cha Goma hasa, huzichanganya alama hizi, kwa hiyo sikio la kutumia ni lile la kitabu na la mahubiri.

Kanuni hiyo ina mwanya mmoja ambao lazima ujulikane. Chukua swali hili: “My uncle ___ in Mubi since 2019”, na majibu “lives”, “is living”, “has lived”, “lived” na “live”. Kiswahili kitasema “mjomba anaishi Mubi tangu 2019”, na Kifaransa nacho kitatumia wakati uliopo. Lugha zote mbili zinamsukuma mtahiniwa kwenye “lives”. Jibu ni “has lived”. Kwa Kiingereza, jambo lililoanza zamani na linaloendelea hadi sasa halikai kwenye wakati uliopo wa kawaida likiwa na “since” au “for” pembeni yake. Hapa hakuna lugha ya kuegemea; ni kukariri tu, na mwanafunzi ajue kwamba anakariri.

Sentensi za sharti hugeuza mizani. Kwa sharti lisilo la kweli Kiswahili huweka alama moja pande zote mbili: “ningekuwa na pesa, ningenunua pikipiki”. Anayefuata mtindo huo kwa Kiingereza huweka “would” mara mbili na kupoteza alama. Kifaransa, kinyume chake, kimejengwa karibu sawa na Kiingereza: upande wa sharti wakati uliopita, upande wa matokeo umbo la masharti. “If I had money, I would buy a motorcycle.” Hata sharti lililokwisha pita, lile la -ngali-, hufuata njia ileile: “If I had known, I would have come.” Mwanafunzi aliyeimudu sarufi ya sharti katika somo la Kifaransa anayo tayari sarufi ya Kiingereza, anachohitaji ni kuonyeshwa tu. Lakini asiende na Kifaransa mbali mno. Baada ya neno la “wakati ambapo”, Kifaransa hutumia wakati ujao, ilhali Kiingereza hukataa: ni “when he comes”, kamwe “when he will come”. Hapo “akija” ya Kiswahili, isiyo na alama ya wakati ujao, ndiyo inayonusuru.

Vibainishi “a” na “the” havina mwenzao katika Kiswahili, na Kifaransa hupenda kuweka kibainishi hata kwenye mambo ya jumla. Matokeo ni “the life is difficult”. Kanuni moja inatosha kwa sehemu kubwa ya maswali: jambo likisemwa kwa ujumla wake, maisha, amani, maji, elimu, Kiingereza huliacha wazi, likiwa ni lile tunalolijua sote wawili, hupewa “the”. Yaliyobaki katika sarufi ya Exetat ni ya kurudia tu mpaka mkono uzoee: “s” ya nafsi ya tatu, “do” na “does” katika kuuliza, na ile sheria ya kwamba baada ya “did” kitenzi hurudi katika umbo lake la mwanzo, kwa hiyo “did he go”, wala si “did he went”. Haya hayahitaji maelezo marefu. Yanahitaji sentensi nyingi.

Jinsi ya kufanya mazoezi inategemea kilichopo, na mara nyingi kilichopo ni ubao, chaki na madaftari. Maswali ya miaka iliyopita huzunguka kwa nakala za mkono na kwa picha za simu. Thamani yake ni kubwa, ila hutumiwa vibaya: mwanafunzi hutafuta jibu, hulipigia alama, hupita. Kwa namna hiyo atajifunza jibu la swali ambalo halitarudi. Njia yenye mazao ni kulazimika kueleza kwa Kiswahili kwa nini kila jibu lililokataliwa limekataliwa. Katika swali la mjomba wa Mubi, “live” linaanguka kwa kukosa “s”. “Lived” linaanguka kwa sababu mjomba bado yuko. “Lives” na “is living” zinaanguka kwa ajili ya “since”. Swali moja lililochambuliwa hivyo limefundisha mambo matatu. Maswali kumi kwa jioni moja yanatosha, na kikundi cha watu watatu au wanne hubishana vizuri kuliko darasa la hamsini.

Kando ya hayo huwekwa daftari la makosa. Kila sentensi iliyokosewa huandikwa upya ikiwa sahihi, na pembeni huandikwa neno moja: Kiswahili, Kifaransa, zote, au hakuna. Neno hilo linataja lugha iliyomponza. Baada ya wiki chache ukurasa wenyewe huonyesha udhaifu uko wapi. Mwenye “Kifaransa” nyingi arudi kwenye wakati uliopita na umiliki. Mwenye “zote” arudi kwenye vivumishi na umri.

MSAMIATI

Kwa maneno, Kifaransa kinalipa deni lote kililokopa kwenye sarufi. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha yao ikawa ya mahakama na ya watawala kwa karne kadhaa, na maelfu ya maneno yakabaki. Ndiyo maana mwanafunzi wa Masisi ambaye hajawahi kufungua kamusi ya Kiingereza anasoma “government”, “education”, “population”, “forest”, “mountain” na “justice” bila kutetereka. Maneno marefu yanayoishia kwa -tion, -ment, -able na -ity ni yake tayari. Mwalimu anayetumia somo zima kufundisha “information” anapoteza chaki.

Wapo lakini marafiki wa uongo, na mtihani huwajua kwa majina. “Library” ni mahali pa kuazima vitabu. Duka la vitabu ni “bookshop”. “Actually” haina habari ya sasa hivi. Maana yake ni “kwa kweli”. “Eventually” si “pengine”, ni “hatimaye”. “To attend” ni kuhudhuria, wala si kungoja. “To assist” ni kusaidia. “Sensible” ni mtu mwenye busara. “Physician” ni daktari, na mtaalamu wa fizikia ni “physicist”. “Journey” ni safari, ingawa sura yake inamwita msomaji aseme “siku”. Orodha ya namna hiyo haizidi maneno arobaini yanayotokea mara kwa mara. Ibandikwe ukutani darasani, na isiondolewe.

Ugumu halisi wa msamiati uko kwenye maneno mafupi. “Get”, “put”, “take”, “bring”, “look”, “still”, “yet”, “even”, “hardly”, “though”: haya hayatoki Kifaransa, hayana sura ya kufahamika, na yamo katika kila sentensi. Mwingereza Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya takriban maneno 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi, ili walimu wa nchi nyingine wajue waanzie wapi. Sauti ya Amerika nayo ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza cha polepole yaliyotumia maneno karibu 1,500 tu, na kwa idadi hiyo iliweza kueleza habari za dunia nzima. Mwanafunzi wa Walikale akitoa kwenye orodha kama hizo yale anayoyapata bure kutoka Kifaransa, yaliyobaki yanaweza kumalizwa kwa mwaka mmoja wa shule.

Kuyahifadhi ni suala la mpangilio. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi kilichokaririwa mara moja kinavyopotea haraka katika saa na siku za mwanzo, na jinsi kukirudia kwa kuachanisha muda kunavyokizuia kupotea. Baadaye, Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 namna ya kulifanya hilo kwa kadi, na namna hiyo haihitaji umeme wala intaneti. Katoni ya sabuni au ya biskuti hukatwa vipande vidogo. Upande mmoja huandikwa sentensi ya Kiingereza yenye neno linalohitajika, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili. Kadi zote huanza kwenye fungu la kwanza, linalopitiwa kila siku. Iliyojibiwa sawa huhamia fungu la pili, la kila siku ya tatu. Kisha fungu la tatu, la kila wiki. Iliyokosewa hurudi la kwanza, hata kama ilikuwa imefika la mwisho. Sentensi ni bora kuliko neno tupu, kwa kuwa Exetat haiulizi neno tupu.

Kadi zina faida nyingine katika eneo hili. Masomo hukatizwa. Tarehe 19 Machi 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale mjini, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili, na watu walikuwa wamekimbilia msituni na vijiji vya mbali katikati ya mwaka wa shule. Familia za Masisi zimeishi miaka mingi kwa kuhama na kurudi. Kitabu kikubwa huachwa nyumbani. Bahasha ya kadi na daftari moja hubebeka. Mpango wowote wa kujiandaa unaodhani kwamba shule itafunguliwa kila Jumatatu haukutengenezwa kwa ajili ya Walikale.

UFAHAMU

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, na hupotea kwa watu wanaojua sarufi. Watafiti Hu na Nation walikadiria mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno ya matini ndipo aielewe vizuri bila msaada, yaani asikose zaidi ya neno moja katika hamsini. Mtahiniwa wa kawaida hafiki huko. Atasoma akiwa na mashimo, na ufundi wake ni kujua shimo lipi la kurukwa na lipi la kufukiwa. Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya zoezi tu:

“Every Thursday the traders leave the village before sunrise. They used to carry their palm oil on foot, but since the road was repaired most of them have hired motorcycles. The journey is shorter now, although it is not cheaper. When it rains, the drivers refuse to go beyond the bridge, and the oil has to wait. Hardly any of it is spoiled. What the traders lose is time.”

Maneno magumu yanayoonekana ni “sunrise”, “spoiled” na “beyond”. Mwanafunzi huyakimbilia hayo, ilhali mitego imejificha kwenye yale anayodhani anayajua. “Used to carry” humkumbusha “kuzoea”, naye husoma kwamba wachuuzi wamezoea kubeba mafuta kwa miguu. Maana ni kinyume: zamani walibeba, sasa hawabebi. Kiswahili kina jibu kamili, “walikuwa wakibeba”, na -ki- hiyo ndiyo iwekwe akilini kila “used to” inapofuatwa na kitenzi kitupu. “Journey” itamfanya aseme kwamba siku ni fupi. “Hardly any” itamfanya afikirie ugumu, au, akiruka neno la kwanza, aseme kwamba mafuta yanaharibika. Kwa kweli ni karibu hakuna yanayoharibika.

Sasa swali: wachuuzi hupoteza nini mvua inaponyesha? Majibu: mafuta yao, nauli yao, muda wao, pikipiki zao, daraja. Aliyekwama kwenye “spoiled” na kuiacha “hardly” atachagua mafuta, na atachagua kwa uhakika, kwa sababu kila mtu Walikale anajua kwamba mzigo uliolala njiani huharibika. Huo ndio mtego mkubwa kupita yote katika ufahamu: kujibu kwa mujibu wa maisha badala ya matini. Watunga mitihani huweka kwa makusudi jibu moja lililo kweli duniani na lisilo kweli kwenye kifungu. Kila jibu lililochaguliwa lazima liweze kunyooshewa kidole kwenye mstari wake; lisilo na mstari liachwe, hata likipendeza.

Kuna ubishi wa zamani kama mtahiniwa asome maswali kwanza au kifungu kwanza. Kwa kifungu kifupi ubishi huo hauna maana. Asome kifungu chote mara moja bila kusimama, kwa ajili ya kujua nani anafanya nini, kisha maswali, kisha arudi kwenye mstari wa kila swali. Kinachohitaji kuangaliwa zaidi ni viungo vya sentensi, “but”, “although”, “since”, “however”, “unless”, kwa kuwa maswali mengi ya ufahamu hukaa palepale maneno hayo yalipo. “Since” yenyewe ina maana mbili, “tangu” na “kwa kuwa”, na ni wakati wa kitenzi na muktadha unaoamua.

Matini za kufanyia mazoezi si lazima zitoke London. Msomaji anayeijua hadithi huyakisia maneno asiyoyajua, na makisio hayo ndiyo ufundi unaotafutwa. Kwa hili Walikale imebahatika kuliko wilaya nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga Candi Rureke alisimulia kwa siku kumi na mbili utenzi wa shujaa Mwindo, na mwaka 1969 mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuwa Mnyanga mwenyewe, waliuchapisha Marekani kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Vyuo vikuu vya nchi za mbali husomesha kitabu hicho. Mwanafunzi ambaye bibi yake alimsimulia habari za Mwindo akipewa ukurasa wake wa Kiingereza tayari anajua baba ni nani, mwana ni nani, na ugomvi umetoka wapi. Kilichobaki kwake ni lugha. Nakala isipopatikana, mwalimu anaweza kuandika ubaoni hadithi yoyote inayojulikana kijijini kwa sentensi kumi na mbili za Kiingereza chepesi, akiingiza “although” moja, “used to” moja na “hardly” moja, kisha atunge maswali matano yenye jibu moja la uongo linalovutia. Kazi hiyo humchukua nusu saa, na darasa hupata zoezi ambalo halipo kwenye kitabu chochote.

Kiingereza hiki cha kutambua hakimtoshi kila mtu kwa kila jambo. Mgodi wa bati wa Bisie, huko Walikale, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019, unaendeshwa na kampuni ambayo Kiingereza ni sehemu ya kazi zake za kila siku. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Watoto wa Masisi waliovuka mpaka kwenda makambi ya Uganda kama Nakivale hukuta masomo yote kwa Kiingereza, na mara nyingi hurudishwa madarasa ya chini kwa sababu ya lugha peke yake. Hao wote wanahitaji kusema na kuandika, kazi ambayo Exetat haiipimi. Hata hivyo daftari la makosa na kadi haviharibiki baada ya mtihani. Ni msingi uleule.

Aliyechelewa, akabakiwa na wiki tatu kabla ya kikao, asijaribu kuyapitia yote. Aache orodha ndefu za vitenzi visivyofuata kanuni, kwa kuwa zinakula siku nyingi na kulipa alama chache. Aanze na marafiki wa uongo, ambao humalizika kwa siku tatu. Kisha wakati uliopita kwa msaada wa -li- na -me-, pamoja na mwanya wa “since”. Siku zote zilizobaki azitumie kwenye ufahamu, kifungu kimoja kila jioni pamoja na mwenzake, kila jibu likinyooshewa kidole kwenye mstari wake.